Kutu ya Land Rover ya Baba: Anza na Bawaba

Mdogo wangu wa Engutoto, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama jikoni, maharage yakaungua. Ya pili nikakaa chini kabisa, maana niliona hili si swali la kujibiwa kwa mistari mitatu.

Kwa wasomaji wengine: mwenzenu alifiwa na baba mwaka jana. Mzee ameacha Land Rover 109, Series III, aliyoinunua Tanga enzi akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akapanda nayo Arusha alipostaafu. Sasa imesimama nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, tairi mbili hazina upepo, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Kaka mkubwa anataka wanunuzi wa chuma chakavu waje na mizani yao. Kaka wa pili anataka ipelekwe gereji, ipigwe puti, ipuliziwe rangi ya kijani, auziwe mzungu. Mwenzenu hataki hili wala lile. Anataka kuitoa kutu mwenyewe, barazani kwake, Jumamosi kwa Jumamosi, na anauliza kama hilo linawezekana kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana zaidi ya ile ya mtungi wa gesi.

Linawezekana. Si gari zima, na si kabla ya Krismasi, lakini linawezekana. Mimi nilianza na ujuzi huohuo wa mtungi wa gesi.

Ila nijibu kwanza swali ambalo hukuniuliza. Gari hilo ni la nani? Usiniambie ni la baba. Baba ametangulia, na kadi bado ina jina lake. Nina dada mmoja aliyetia akiba yake yote kwenye pikapu ya marehemu mumewe. Siku ilipowaka ndipo shemeji zake walipoikumbuka. Kaeni kikao cha familia, mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, na mkikubaliana gari liwe lako, msimamizi aende TRA kadi ibadilishwe jina. Mpaka hapo ruksa kununua msasa na kopo dogo la rangi ya bawaba moja, basi. Usinunue rangi ya gari zima.

Haya, tuingie uvunguni.

Watu wengi huiangalia Land Rover ya zamani, wakaona ubavu hauna kutu, wakadhani gari ni zima. Ubavu ule ni alumini. Gari hili lilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinagawiwa kwa mgao, ila alumini ilikuwepo. Ndiyo maana bodi ikawa alumini na mifupa ikawa chuma. Alumini haitoi kutu nyekundu. Inatoa unga mweupe kama chumvi ya mawe, hasa pale inapogusana na chuma na maji yakaingia katikati. Ukiuona unga huo kwenye mshono wa mlango, ujue metali mbili zinagombana hapo, na alumini ndiyo inayoshindwa.

Kutu yako wewe itafute kwenye mifupa: chesisi, ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva, nguzo zinazobeba milango, bawaba, kitako cha betri, na ule mhimili wa nyuma kabisa unaofungiwa ndoano ya kuvutia. Na umesema gari liliishi Tanga. Hapo nikavuta pumzi. Arusha tuko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, hewa yetu haina chumvi, gari linaweza kukaa miaka likachubuka tu. Lakini chumvi ya pwani hujificha kwenye mikunjo ya chuma, na haiachi kazi kwa sababu umehama mkoa. Inavuta unyevu wa umande, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua, kwa hiyo kutu inakimbia badala ya kutembea. Ongeza vumbi letu hili la Meru, laini kama unga wa sembe, linaloingia ndani ya chesisi likipata masika linakuwa uji, uji unakaa humo mpaka Julai.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji fundi wala dawa. Ni mpira wa maji. Lala chini kwenye gunia, tafuta matundu madogo upande wa chini wa chesisi, yazibue kwa waya, kisha ingiza mpira wa maji kutoka matundu ya juu mpaka yatoke maji meupe. Chesisi yangu ilitoa tope ndoo mbili na kiota cha panya. Fanya hivyo asubuhi ya jua kali, gari lipate kukauka kutwa.

Likikauka, chukua bisibisi ya zamani na nyundo ndogo. Umewahi kumwona mama akinunua chungu sokoni? Haangalii rangi. Anakigonga kwa kidole, anasikiliza. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinakohoa. Chesisi ni hivyohivyo. Gonga kila hatua moja ya mkono, kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote. Chuma kizima kinaita. Kilichooza kinajibu kama unapiga mkoba wa ngozi. Pale panapokohoa, choma na bisibisi kwa nguvu za kawaida. Ikikwama, kutu ni ya juu, hiyo ni yako. Ikizama, hapo hakuna chuma tena, kuna kumbukumbu ya chuma. Zungushia chaki nyeupe uende zako. Usikasirike na usiendelee kuchoma tundu hilohilo kwa huzuni. Mimi nilifanya hivyo nikajiongezea kazi.

Chaki hizo ndizo zitakazokuambia kama kaka yako wa mizani ana haki. Ukiwa na alama tano sita kwenye mhimili wa nyuma na miguuni mwa dereva, ni ugonjwa wa kawaida wa gari hili na mchomeleaji mzuri anakata na kuweka bati jipya. Ukiwa na alama kila mahali, hasa pale springi zinaposhikwa, basi unahitaji chesisi nyingine, na hiyo ni hesabu ya watu wazima. Bora kuijua leo kwa chaki kuliko kuijua baadaye kwa rangi mpya.

Kuna vitu nakukataza kabisa, na hapa naongea kama dada yako, si kama mwandishi. Mabomba ya breki yenye kutu hayasafishwi, yanabadilishwa. Springi na vyuma vya usukani, peleka kwa fundi. Tangi la petroli usilisogelee na cheche, hata kama limekauka miaka mitatu. Mvuke unaobaki ndani ndio unaolipuka, si petroli yenyewe. Na siku mchomeleaji akija, betri itolewe, tangi litolewe, mchanga na ndoo ya maji viwe karibu. Akikuambia "dada usijali, mimi mzoefu", mwambie wewe si mzoefu wa kuungua.

Kinachobaki ni vingi na ni vyako: bawaba, komeo za milango, kitako cha betri, vishikio vya taa, rimu, bolti. Anza na bawaba moja. Bawaba ya mlango wa dereva wa 109 ni kipande cha chuma unachoweza kukishika kwa mkono mmoja, ukakiweka mezani na kumwonesha mtu. Ukiianza chesisi Jumamosi ya kwanza, Jumamosi ya pili utakuwa umechoka na ya tatu utakuwa umempigia simu mwenye mizani.

Kuifungua ndiyo mtihani. Bolti zile zimekaa humo pengine tangu kabla hujazaliwa. Zipake dizeli jioni mbili mfululizo, uzigonge kidogo kichwani kila mara ili mafuta yapenye. Zikikataa, kuna mbinu ya mshumaa niliyofundishwa na mzee mmoja wa gereji: pasha nati moto kwa kitochi cha gesi, ikiwa moto sawasawa igusishe mshumaa, nta itayeyuka na kunywewa ndani ya nyuzi kama maji kwenye mchanga. Acha ipoe kidogo, jaribu kukaza robo kabla ya kulegeza. Ndiyo, kukaza kwanza. Ule mkono wa kwanza ndio unaovunja kutu. Dizeli ya jana iwe imefutwa, tangi liwe mbali, na gari lisiwe na kuku. Kila hatua piga picha kwa simu, na bolti za kila bawaba ziingie kwenye kopo lake la Blue Band, umeandika kwa kalamu juu ya kifuniko. Unaona ni utoto sasa hivi. Subiri ufungue bawaba ya nne.

Sasa bawaba iko mezani, nyekundu, imevimba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi inafura kama ngozi iliyoungua na bawaba inakataa kugeuka. Toa magamba kwa brashi ya waya, osha mafuta kwa sabuni ya unga na maji moto. Halafu una njia tatu, na zote viungo vyake viko Arusha.

Ya kwanza ni uchachu. Siki nyeupe ya dukani, au unga wa asidi ya sitriki wanaouza kwa watengeneza juisi. Inafaa kwa nati na bolti ndogo. Zilaze usiku mmoja, asubuhi sugua kwa mswaki mkuukuu. Usizisahau, maana asidi ikimaliza kutu inaendelea na chuma. Sina mengi ya kusema hapa.

Ya pili naipenda kwa uvivu wake: molasi. Ndiyo, ileile wanayolishwa ng'ombe, masazo ya viwanda vya sukari, kama cha TPC pale Arusha Chini, upande wa Moshi. Kopo moja la molasi kwa makopo tisa ya maji, koroga, zamisha chuma, funika, sahau. Molasi ina viambata vinavyoikamata kutu na kuichukua ndani ya maji bila kukigusa sana chuma chenyewe. Inachukua wiki moja hadi tatu. Juni na Julai, baridi ya mlima ikishuka, hesabu zaidi. Kila baada ya siku tatu nne toa, suuza, angalia. Itatoa povu na harufu ya pombe iliyolala, nzi watakuja, nyuki watakuja, na mbuzi wa jirani atakuja, kwa hiyo mfuniko uwe na jiwe. Kitu kimoja: molasi inakula alumini na zinki. Ukitumbukiza kabureta humo utatoa sanamu. Na zile kingo za kijivu zinazozunguka bodi ya Land Rover zimepakwa zinki kiwandani. Hizo ni za kuoshwa kwa sabuni tu, wala zisichomelewe ovyo, moshi wa zinki unampa mtu homa ya usiku kucha.

Ya tatu ndiyo ya umeme, na hapa nina kovu.

Unahitaji ndoo ya plastiki, chaja ya betri ya volti 12, kipande cha nondo, na magadi. Chaja iwe ile ya kizamani yenye transfoma nzito inayonguruma. Hizi mpya zenye akili zikikosa betri mbele yake zinagoma kuwaka. Magadi ndiyo yanayoyafanya maji yapitishe umeme. Zamani nilitumia mabonge ya magadi ya Ziwa Natron, yale ya kulainishia makande, kwa sababu kilo yake ni rahisi na niliona fahari kutumia kitu cha mkoa wetu. Nimeacha. Magadi ya ziwani yana chumvi ndani yake, na chumvi kwenye ndoo hii inatoa gesi ya klorini na kuacha mbegu ya kutu mpya. Siku hizi nachukua ule unga mweupe wa magadi wa dukani, wa kuumulia maandazi, naukaanga kwenye kikaango kikavu cha chuma kama nusu saa huku nageuza. Moto unatoa maji na hewa ukaa, unabaki na magadi makali zaidi, yanayofaa kazi hii. Kijiko kikubwa kimoja kwa lita nne za maji. Vaa glavu, maana yanachubua.

Bawaba inaning'inizwa kwa waya katikati ya ndoo, isiguse chochote. Nondo inasimama pembeni. Waya mweusi wa chaja, yaani hasi, unashika bawaba. Waya mwekundu, chanya, unashika nondo. Washa. Baada ya dakika moja utaona mapovu madogo yanapanda kutoka kwenye bawaba kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na maji yanaanza kuwa rangi ya chai. Kutu inaachia kwenye chuma, nondo inaliwa badala yake. Asubuhi unatoa kitu cheusi chenye matope laini, unasugua kwa brashi chini ya bomba, na chini yake unakuta alama za kiwandani ambazo hujawahi kuziona.

Sasa kovu. Mara yangu ya kwanza nilifunga waya usiku, umeme umekatika na kurudi, tochi ya simu mdomoni. Nikawasha, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi nikakuta nondo yangu inang'aa kama kijiko cha harusi, na bawaba imeliwa mpaka tundu la bolti limekuwa dirisha. Nilikuwa nimegeuza waya. Bawaba ile ilikuwa ya gari la mjomba, na mjomba yuko hai. Tangu hapo nina kauli yangu ninayoisema kwa sauti kabla ya kuwasha: hasi kwa mpendwa, chanya kwa kafara. Iseme na wewe, hata majirani wakucheke.

Na kafara isiwe kijiko wala sufuria ya stenlesi. Najua inashawishi kwa sababu haiishi. Stenlesi ina kromiamu, na umeme unaitoa majini ikiwa sumu mbaya ya kansa, ya rangi ya manjano. Utaimwaga wapi, kwenye mchicha? Mapovu yale nayo ni haidrojeni, gesi inayoshika moto, kwa hiyo ndoo ikae nje barazani, si stoo, na asije mtu na sigara. Chaja iwe juu ya stuli, mbali na maji, na uizime kwenye soketi kabla ya kuingiza mkono. Bolti ngumu za sehemu zinazobeba uzito usizipitishe humo kabisa, haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla kama biskuti. Hizo nunua mpya.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi ya wiki nzima. Chuma kilichotoka kwenye maji kiko uchi. Ukikiacha juu ya meza uende kunywa chai, ukirudi kimeota ukungu wa rangi ya machungwa. Suuza haraka, futa kwa kitambaa kikavu, kiweke karibu na jiko la mkaa au juani saa sita mpaka kiwe cha moto mkononi, kisha praima saa hiyohiyo. Usifanye kazi hii jioni ya Arusha. Umande wetu hauna huruma.

Pale ambapo kutu imebaki vinundu vidogo visivyotoka, kuna dawa ya kugeuza kutu inayouzwa kwenye maduka ya rangi. Unaipaka, kutu inageuka nyeusi na kutulia. Usiione kama uchawi. Unajua kisu cha chuma kinavyokuwa cheusi ukimenya ndizi mshare? Ule ni utomvu wenye tanini unakutana na chuma. Baadhi ya dawa hizi zinafanya kazi kwa tanini hiyohiyo, inayokamuliwa kwenye magome ya miti kama miwati wanayolima Njombe; nyingine zina asidi ya fosforasi. Zote zinataka kutu nyembamba iliyokwisha kusuguliwa. Ukipaka juu ya magamba, umepaka magamba.

Praima ile nyekundu, tabaka mbili, siku inayofuata rangi ya mafuta tabaka mbili. Na tafadhali, praima si rangi. Nikishuka Njiro nakutana na magari yaliyopigwa praima tangu uchaguzi uliopita, mwenyewe anasubiri hela ya rangi. Praima ina vinyweleo, inakunywa maji, na kutu inarudi chini yake kimya kimya wakati wewe unaona gari limetunzwa.

Machalii wa gereji watakushauri mambo matatu, uyajue mapema. Watakuambia utumie maji makali ya betri, yanatoa kutu kwa dakika tano. Kweli yanatoa, na yanatoa macho pia. Watakuambia upulize oili chafu chini ya chesisi. Hii wazee wetu wamefanya miaka na inasaidia kidogo, lakini inaozesha mipira ya springi, inadondoka kwenye udongo unaopanda sukumawiki, na ni sumu kwa ngozi yako. Afadhali grisi safi kwenye maungio. La tatu ni puti, na hapo nasimama na kaka yako wa pili uso kwa uso. Puti juu ya kutu ni poda juu ya jipu. Inanyonya maji, inayashikilia, na mvua mbili zikipita inabanduka na kipande cha gari. Anayeuza gari la namna hiyo anajua anachouza.

Kuhusu mavazi. Grainda yenye brashi ya waya inarusha vijiti vya chuma kama mishale; nimewahi kuchomoa kimoja kwenye kanga niliyokuwa nimejifunga, na tangu siku hiyo sijifungi kanga karibu na mashine. Suruali ya mtumba, viatu vya kufunika, nywele ndani ya kofia, miwani ya fundi, barakoa. Rangi za magari ya miaka hiyo zinaweza kuwa na risasi, ile metali ya sumu, kwa hiyo msasa upigwe kwa maji, vumbi lisipae, na watoto wacheze upande wa pili wa nyumba.

Sasa kaka zako. Huyu wa mizani usigombane naye, mpe bawaba. Ipeleke siku ya kikao ikiwa imepakwa rangi, iweke mezani karibu na ile nyingine yenye kutu, uwaache waishike. Mkumbushe pia Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa mji huu kwenye tamasha lao, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko yeye, zikaunda msafara kuitafuta rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Hakuna aliyezipima kwa kilo siku ile. Ila usimdanganye kuwa gari litawatajirisha. Ukihesabu mchomeleaji, tairi, breki na Jumamosi zako, huenda utatumia zaidi ya utakachokipata ukiliuza. Kama lengo ni pesa, kaka yako wa mizani yuko sahihi na mimi nimekupotezea muda. Kama unataka siku moja uwapakie wajukuu wa mzee uwapeleke Ngaresero na milango inafunguka bila kelele, basi nimekujibu.

Jumamosi hii zibua matundu, gonga chesisi, chora chaki. Usifungue chochote. Niandikie ni alama ngapi umepata na ziko wapi, nikuambie kama tuendelee.

Na ninyi wasomaji wengine wa Arusha: mwenye chaja ya zamani ya transfoma imelala stoo, naomba asiiuze kwa kilo. Kuna mtu Engutoto anaihitaji.